Mazoezi ya Ngumi na Mateke katika Mizani ya Sharia

Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Maghribi na Isha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa viungo na Mpaji wa nguvu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Katika siku za karibuni yameletwa hapa msikitini maswali matatu yanayotoka shina moja. Baba mmoja anauliza: kijana wake anakwenda ukumbini jioni kujifunza mchezo wa ngumi na mateke; je, amzuie? Mama mmoja anauliza: binti yake anasoma chuo, hurudi nyumbani giza limeshaingia, naye ametaka kujifunza namna ya kujihami, kaka zake wamemkatalia kwa hoja kwamba mwanamke wa Kiislamu harushi mateke. Na kijana mmoja anauliza: ameshajifunza, sasa ameahidiwa fedha ili apande ulingoni mbele ya watu, je, fedha hizo ni halali?

Maswali haya hayajibiwi kwa neno moja la "ndiyo" au "hapana". Wapo waliokwisha kuharamisha yote bila dalili, na wapo waliokwisha kuhalalisha yote kwa sababu tu vijana wanapenda. Njia zote mbili si njia za elimu. Kwa tawfiki ya Allah tutautazama mchezo wenyewe, kisha tuupime.

MCHEZO HUU NI NINI?

Mchezo huu, ambao vijana huuita kikiboksingi, si wa kale kwa jina lake. Huko Thailand kuna sanaa kongwe ya kupigana kwa ngumi, mateke, magoti na viwiko. Katika miaka ya 1960 watu wa Japani waliichanganya sanaa hiyo na karate, na mwandaaji wa mapambano aitwaye Osamu Noguchi ndiye aliyeupa mchezo uliozaliwa jina hilo. Katika miaka ya 1970 ukaenea Marekani kupitia watu wa karate, na Ulaya, hususan Uholanzi. Shirikisho lake la dunia, WAKO, liliundwa mwaka 1976, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mchezo huu una sura zaidi ya moja, na hukumu hufuata sura, haifuati jina. Ipo sura ya mazoezi: kuruka kamba, kupiga gunia lililoning'inizwa, kupiga pedi anazozishika mwalimu, kunyoosha viungo, kujifunza kukinga. Ipo sura ya mashindano mepesi, ambayo wachezaji hushindana juu ya mkeka, pigo hutakiwa liguse kwa kiasi, na anayepiga kwa nguvu zote huadhibiwa. Na ipo sura ya ulingoni, ambayo pigo hutolewa kwa nguvu kamili, na kumwangusha mwenzako akapoteza fahamu ndio ushindi mkubwa kuliko wote.

Mwenye kuzihukumu sura hizi tatu kwa hukumu moja ni kama mtu anayetoa hukumu moja kwa maji, sharubati na pombe, kwa kuwa vyote hunywewa kwa gilasi.

ASILI NI RUHUSA

Wanazuoni wetu wametuwekea kanuni kwamba asili ya mambo yasiyokuwa ibada ni kuruhusiwa, mpaka ije dalili ya kukataza. Na katika mlango huu hatuna ruhusa ya ukimya tu, bali tuna mwongozo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko aliye dhaifu, na kwamba katika wote wawili mna kheri. Alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akawahimiza. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wake, naye hakuwakemea. Imepokewa pia kwamba alipigana mwereka na Rukana, bingwa wa Makka, akamwangusha. Na ingawa isnadi ya kisa hiki imejadiliwa na wanazuoni, mwereka wa mazoezi ulijulikana na kukubaliwa wakati ule. Katika Sira tunasoma kwamba vijana wawili, Rafi' bin Khadij na Samura bin Jundub, walikuwa miongoni mwa waliotaka kutoka kwenda Uhud. Wa kwanza akaruhusiwa kwa ustadi wake wa mishale, na wa pili akaruhusiwa baada ya kumbwaga mwenzake.

Isitoshe, mwili ni amana. Abdullah bin Amr alipozidisha saumu na kisimamo cha usiku, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Leo haki hiyo tunaipoteza. Tunakaa kazini tangu asubuhi, tunapanda chombo kwa mwendo wa dakika kumi, tunakula vitumbua na chai ya sukari nyingi, kisha tunalala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wafikishe wastani wa dakika 60 kila siku. Mwaka 2021 Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lilikadiria kuwa katika kanda yake ya Afrika walikuwapo watu wazima wapatao milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanacho.

Basi kijana anayeruka kamba na kupiga gunia kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, ameshaifikia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Tumkemee kwa lipi? Wazee wangu, mtoto aliyeko ukumbini akitoka jasho ni bora kuliko aliyeko kijiweni akivuta moshi.

NGUMI YA NABII MUSA (A.S.)

Hata hivyo, nguvu bila ya mwongozo ni hatari. Naomba tuizingatie Suratul Qasas, kwani humo Allah (S.W.) ametuonesha mkono mmoja katika hali mbili.

Hali ya kwanza ni mjini Misri. Nabii Musa (A.S.) aliwakuta watu wawili wakipigana. Mmoja, wa watu wake, akamwomba msaada, naye akampiga yule adui ngumi moja. Hakukusudia kumuua, lakini mtu yule akafa. Papo hapo Musa akatambua kuwa ile ni kazi ya shetani, akamwomba Mola wake msamaha.

Hali ya pili ni kwenye kisima cha Madyan. Musa yule yule, akiwa mkimbizi asiye na kitu, aliwakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao kando, kwa kuwa wachungaji wanaume wameyazunguka maji. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini bila kudai ujira. Na mmoja wa wanawake wale alipomshauri baba yake amwajiri, alimsifu kwa sifa mbili kwa pamoja: nguvu na uaminifu.

Ndugu zangu, hapa pana somo lote la usiku huu. Ngumi moja, ya mtu mwema, aliyekuwa akimtetea mwenzake, ilitosha kuiondoa roho. Basi ni vipi kwa ngumi ya kijana aliyefunzwa miezi sita, mwenye hasira, aliyetukanwa kituo cha daladala? Allah hakuusifu mkono wenye nguvu peke yake. Ulisifiwa ulipokutana na uaminifu. Na Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba shujaa si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Mwalimu wa ukumbi asiyefundisha hilo anatia panga kali katika mkono wa mtoto.

Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi mwaka 2022 makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road yalivyowaingilia watu majumbani. Vijana wale hawakukosa nguvu. Walikosa uaminifu.

USO NA KICHWA

Sasa tuje kwenye mpaka. Imethibiti katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha anayepigana auepuke uso. Ikiwa uso umelindwa hata penye ugomvi, vipi uhalalike penye mchezo? Tena ipo kanuni kuu iliyotokana na maneno yake, kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine.

Elimu ya tiba imekuja kuieleza hekima hiyo. Ubongo ni kitu laini kilichomo ndani ya fuvu. Kichwa kinapopigwa, fuvu husukumwa ghafla na ubongo hutikisika ndani yake na kujipinda. Kofia ya kinga husaidia kuzuia mipasuko ya ngozi, lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alieleza katika jarida la tiba hali ya mabondia wanaoyumba kama walevi na ndimi kuwa nzito, na hali hakuna kileo walichokunywa. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa wito wa kupigwa marufuku ndondi.

Maulamaa hawakunyamaza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 10, mwezi wa Safar mwaka 1408 Hijria, sawa na Oktoba 1987, liliamua kuwa ndondi kama zinavyochezwa ulingoni hazijuzu, kwa kuwa zimejengwa juu ya kila mmoja kumhalalishia mwenzake amdhuru, madhara ambayo huweza kufikia upofu, kuharibika ubongo au kifo. Lakini, na hapa wengi hawasomi mpaka mwisho, Baraza hilo hilo lilibainisha kuwa mwereka wa kuzoeza mwili, usiokuwa na ruhusa ya kudhuru, unajuzu. Tazameni jinsi lilivyotenganisha. Kilichokatazwa ni madhara, mazoezi hayakukatazwa.

Kwa kipimo hicho, kijana aliyeahidiwa fedha ili apande ulingoni kupigana kwa nguvu zote, kichwa kikiwa shabaha, tunamwambia kwa upendo: usipande. Idhini yako haiuhalalishi mwili wako, kwa sababu mwili si mali yako, umekopeshwa. Na mwenzako naye ana mama anayemngoja nyumbani. Tunajua kuwa hali ni ngumu na kazi hazipatikani. Lakini fedha za usiku mmoja hazinunui ubongo. Tena juu ya mapambano hayo watu huchezeana kamari, na mwili wako ndio huwa karata yao. Ujuzi ulionao una njia ya halali ya kukulisha: wafundishe watoto na watu wazima mazoezi, chukua ujira wako, na Allah ataubariki.

MASHARTI YA ANAYEJIFUNZA

Anayetaka kujifunza kwa ajili ya afya na kujihami, na azingatie mambo haya.

Kwanza, nia. Ajifunze ili kuuhifadhi mwili na kuzuia dhulma, si kujionesha wala kulipiza kisasi.

Pili, kichwa kisiwe shabaha. Mapigo ya nguvu yaishie kwenye gunia na pedi. Wakifanya mazoezi ya wawili wawili, wakubaliane waziwazi kwamba uso na kichwa haviguswi, na wavae glavu, kinga ya meno na kinga za ugoko. Hata yale mashindano mepesi tuliyoyataja huruhusu kugusa kichwa, kwa hiyo makubaliano haya ni ya lazima kwetu. Akitokea aliyepigwa kichwani kwa bahati mbaya, asiendelee siku ile, na akiona kizunguzungu, kutapika au kusahau, apelekwe hospitali mara moja.

Tatu, kusiwe na kuinama kwa namna ya rukuu mbele ya mwalimu, picha au ulingo. Katika sanaa ya Thailand ipo desturi iitwayo wai khru, ambayo mpiganaji huinama na kucheza kuwatukuza walimu wake kabla ya pambano. Sisi tuna salamu yetu na tuna kupeana mikono. Mwalimu muungwana akielezwa kwa adabu huelewa.

Nne, sitara. Kaptula ivuke magoti, isibane. Wanaume na wanawake wasichanganyike katika mazoezi haya, kwa kuwa ni mazoezi ya kushikana.

Tano, Swala. Darasa linalokula Maghribi ya kila siku limekula zaidi ya lilichotoa. Wakati upangwe baada ya Alasiri au baada ya Isha.

Sita, mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza.

BINTI ANAYETAKA KUJIHAMI

Na sasa nawaelekea wale kaka waliomzuia dada yao. Ndugu zangu, dalili yenu ni ipi? Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Siku ya Uhud, Nusayba bint Ka'b (R.A.) alisimama kumkinga Mtume (S.A.W.) mpaka akajeruhiwa. Siku ya Hunayn, Ummu Sulaym (R.A.) alikuwa na jambia kiunoni, na alipoulizwa alieleza kuwa ni la kumkabili adui atakayemkaribia. Mtume (S.A.W.) hakumwambia alitupe.

Dada yenu anapita njia isiyo na taa, nanyi mko kwenye televisheni mkitazama mpira. Hamwendi kumpokea, na hamtaki ajifunze kujinasua. Huo si wivu wa Kiislamu, huo ni uzembe uliovikwa kilemba. Afunzwe na mwalimu mwanamke, mahali pa faragha, kwa mavazi ya sitara. Na ninyi muwajibike kumsindikiza.

Nami nawaomba dada zangu wasidanganyike. Mazoezi ya kujihami si kujifunza kumshinda kila mtu. Ni kujifunza kuona mapema hatari inakotoka, kuweka umbali, kupiga kelele, kuuchomoa mkono ulioshikwa, kutoa pigo moja la kukupa nafasi, kisha kukimbia kuelekea penye watu. Ukikabiliwa na kundi lenye mapanga linalotaka simu, toa simu. Ni kweli kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ametajwa kuwa shahidi, lakini hajaamrishwa kuitafuta panga kwa ajili ya simu. Uhai ni mkubwa kuliko chombo. Nguvu zako ziweke akiba kwa ajili ya nafsi yako na heshima yako.

Sheria ya nchi nayo inakwenda njia hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujihami yeye na mwenzake, na mali pia, kwa nguvu isiyozidi kiasi kinachohitajika. Mshambuliaji akishaanguka au akishakimbia, kila pigo linalofuata si kujihami tena. Ni dhulma mpya, nawe ndiye mwenye kuulizwa, mahakamani na mbele ya Allah.

NGUMI ISIINGIE NYUMBANI

Limebaki neno moja, na ni zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa takriban mwanamke mmoja katika kila watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kijinsia, na mara nyingi mtendaji ni mume au mwenza wake. Maana yake ni kwamba yule tunayemhofia kwenye uchochoro, mara nyingi ana ufunguo wa mlango.

Kijana unayejifunza, mkono wako sasa ni mzito kuliko ulivyokuwa. Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Aliyekuwa shujaa kuliko wote uwanjani alikuwa mpole kuliko wote nyumbani. Siku utakayomwinulia mkeo au mdogo wako mkono huo, jua kwamba mazoezi yote yamekuwa hasara, na gunia lilikuwa na haki zaidi ya kukulalamikia.

Kwa hiyo, napendekeza kwa kamati ya msikiti wetu na walezi wa madrasa mambo mawili. Badala ya kuwakataza vijana kisha wakaenda kwa kificho kwenye kumbi tusizozijua, tutafute mwalimu mwenye maadili, tumpe masharti tuliyoyataja, naye awafundishe vijana wetu hapa uani siku mbili kwa wiki baada ya Alasiri. Na kwa dada zetu, kina mama wateue miongoni mwao wa kusimamia siku yao, mlango ukiwa umefungwa, na mwalimu akiwa mwanamke. Gharama ya glavu na pedi chache haizidi gharama ya shughuli moja ya harusi tunazozichangia kila mwezi.

Tunamwomba Allah (S.W.) aturuzuku nguvu pamoja na uaminifu, azihifadhi akili zetu na viungo vyetu, awalinde mabinti zetu njiani na majumbani, na aijaalie mikono yetu iwe ya kunyweshea, isiwe ya kudhulumu. Allahumma amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.